Usimwage Maji ya Spageti: Kuku wa Sufuria Moja, Embu hadi Timau

Kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni, siku ya Jumanne au Jumatano, barabara ya kutoka Embu hadi Meru kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu hujaa watu wanaorudi nyumbani, chakula cha usiku kikiwa bado mkononi. Mwalimu ameshuka kwenye matatu na kupitia kwa mama mboga kuchukua nyanya na dania. Muuguzi aliyetoka zamu ya mchana amesimama kwenye duka la kuku akisubiri kukatiwa nusu. Mwanafunzi anayepanga chumba karibu na Chuo Kikuu cha Embu ana pakiti ya spageti kwapani na mtungi wa gesi ambao hajui kama utafika Ijumaa. Wote wana saa moja hivi, pengine na robo, kabla ya watoto kusinzia juu ya vitabu.

Kuku na spageti ni chakula kinachoitosha saa hiyo, na siku hizi kinapikwa sana katika miji iliyo chini ya Mlima Kenya. Lakini nyumba nyingi hukipika kwa namna inayokinyima utamu wake. Kuku hupikwa peke yake, spageti nayo huchemshwa kwenye sufuria nyingine yenye maji tele, kisha maji yanamwagwa na viwili hivyo vinakutanishwa kwenye sahani vikiwa havijaonjana. Nataka kumshawishi msomaji aache kuyamwaga maji hayo. Ayaingize kwenye mchuzi wa kuku tangu mwanzo, ayapike mpaka yaishe, na sufuria iwe moja.

Tuanze na maji yenyewe. Maelekezo yaliyozoeleka, ambayo bila shaka yalitungwa na watu wenye mfereji jikoni, yanataka lita moja ya maji kwa kila gramu 100 za spageti. Pakiti ya gramu 400 inataka lita nne, na karibu zote zinaishia kwenye mtaro. Kwa mtu wa Manyatta au Kibugu, ambako mito ya mlimani inapita karibu na mashamba ya chai, huenda hilo lisimuume. Teremka Mbeere, hadi Kiritiri, Siakago na Ishiara, uone hesabu inavyobadilika. Huko lita nne ni sehemu ya tano ya mtungi wa lita 20 ulioletwa kwa mgongo au kwa punda. Na hii ndiyo nchi ya mabwawa! Kindaruma lilianza kuzalisha umeme mwaka wa 1968, kisha yakaja Kamburu, Gitaru, Masinga mwaka wa 1981 na Kiambere mwaka wa 1988, yote kwenye Mto Tana, mlangoni pa Mbeere. Mto ule unawasha taa za miji ya mbali huku jirani yake akihesabu mitungi. Mtu huyo hastahili kufundishwa mapishi ya kumwaga. Kwa sufuria moja, pakiti ileile ya gramu 400 inatosheka na lita moja na robo, na maji yote hayo yanaliwa.

Kisha kuna ladha. Spageti ikichemka hutoa wanga, ndiyo maana maji yake hugeuka meupe na kuwa mazito kidogo. Wapishi wa Italia wanaujua vizuri wanga huo. Kabla ya kuchuja, huchota kikombe cha maji hayo na kuyarudisha kwenye mchuzi, kwa kuwa wanga huyashika mafuta na maji yakachanganyika na kuganda kwenye tambi. Anayepika ndani ya mchuzi hachoti kikombe, maana wanga wote umebaki mle mle pamoja na mafuta ya kuku, maji ya nyanya na chumvi. Mchuzi unakuwa mzito bila unga wala krimu.

Mwaka wa 2013 jarida la Martha Stewart la Marekani lilichapisha mapishi ya tambi za sufuria moja: gramu 340 hivi za tambi, nyanya, kitunguu na vikombe vinne na nusu vya maji, vyote vikiwekwa pamoja kabla ya moto kuwashwa. Mapishi hayo yalizunguka dunia kama jambo jipya. Kwetu upya huo uko wapi? Githeri ni mahindi na maharagwe yaliyochemkia pamoja mpaka mchuzi wa maharagwe ukaingia kwenye punje za mahindi. Mukimo hupondwa humo humo ulimoiva. Mawe matatu, moto mmoja, chungu kimoja: hivyo ndivyo jiko la Imenti na la Mbeere lilivyokuwa, na mpishi wake hakuhitaji kuambiwa kwamba vyakula vikikaa pamoja motoni hupeana ladha. Spageti ndiyo ngeni. Njia ya kuipika tunayo tangu zamani.

Kilichobadilika ni saa za siku. Githeri ya mahindi makavu inataka saa mbili au tatu motoni, na ilikuwa chakula cha nyumba yenye mtu anayeshinda karibu na moto, akisukuma kuni na kuongeza maji. Nyumba za aina hiyo zimepungua. Ndiyo maana sokoni siku hizi githeri huuzwa ikiwa imekwisha kuchemshwa, na mnunuzi hubakiwa na kazi ya kuikaanga tu. Spageti huiva kwa dakika zisizofika 15, na kuku wa broila aliyekatwa vipande vidogo kwa nusu saa.

Moto nao una historia yake ya karibuni. Julai 2021 gesi ya kupikia ilirudishiwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Mwaka uliofuata kodi ikashushwa hadi asilimia 8, na Julai 2023 ikaondolewa. Wanaotumia mtungi wa kilo 6 wenye jiko juu yake waliyasikia mabadiliko hayo yote mfukoni. Mtungi huo mdogo una jiko moja tu. Mwenye jiko moja akitumia sufuria mbili, moja itapoa ikingoja nyingine, na gesi italiwa mara mbili. Kwake sufuria moja inatokana na jiko alilo nalo, na wenye jiko la makaa wako vivyo hivyo.

Sasa tuingie jikoni. Kwa watu watano, nunua nusu ya kuku wa broila na uombe akatwe vipande vidogo, mapaja na kidari vikigawanywa mara mbili mbili. Omba pia shingo, maana shingo ndiyo supu. Andaa vitunguu viwili, nyanya nne zilizoiva sawasawa, karoti, hoho moja, punje tatu au nne za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi, dania na pakiti ya spageti ya gramu 400. Kabla hujavua hata viatu, teleka maji ya kujaza chupa ya chai. Hakuna nyumba ya Meru isiyo na chupa ya chai, na jioni hii itakufaa kuliko kifaa chochote kingine, kwa sababu mapishi haya hayataki maji baridi yaongezwe katikati.

Usimwoshee kuku kwenye beseni la vyombo. Najua wengi tumelelewa hivyo, lakini maji yanayoruka hueneza vijidudu kama salmonela hadi kwenye kisu, kikombe na kachumbari, ilhali moto utawaua wote dakika chache baadaye. Mpanguse, mpake chumvi na pilipili manga, kisha unawe mikono kwa sabuni.

Weka vijiko viwili vya mafuta kwenye sufuria nzito na yapate moto. Panga vipande upande wa ngozi ukiwa chini, halafu uviache. Hapa ndipo haraka ya jioni huharibu mambo, kwa sababu mtu hugeuzageuza kuku kila nusu dakika, kuku akatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Mwache dakika saba au nane mpaka ngozi iwe ya kahawia na ijiachie yenyewe. Ile rangi ya kahawia inayoshika chini ya sufuria ndiyo roho ya chakula hiki. Wapo wanaoiogopa wakidhani ni ukoko wa kuungua. Ikiwa nyeusi na chungu, hapo imeungua kweli. Ikiwa ya kahawia na inanukia, iache hapo hapo.

Toa kuku, weka vitunguu kwenye mafuta yale yale, halafu tangawizi na saumu, mwisho nyanya na chumvi kidogo. Maji ya nyanya yatabandua ile rangi chini ya sufuria, nawe uisaidie kwa mwiko. Subiri mpaka nyanya zipondeke na mafuta yaanze kujitenga kandokando. Nyanya isiyopikika vya kutosha huacha uchachu ambao pakiti ya viungo haiwezi kuufunika. Rudisha kuku, tia kikombe cha maji, funika, na umwache apikike dakika 15 kwa moto wa wastani. Ndiyo muda wa mtoto kuoga au wa kuangalia kazi ya shule.

Kisha mimina lita moja ya maji moto kutoka kwenye chupa. Onja chumvi wakati huu, maana spageti itaunywa mchuzi jinsi ulivyo, nao ukipungua chumvi, spageti itakuwa chapwa vilevile. Mchuzi ukichemka, vunja spageti mara mbili na uizamishe. Dakika mbili za kwanza usiondoke. Koroga, kwa sababu wakati huo ndipo tambi hushikana, na zikishashikana hazitengani tena. Baada ya hapo tia karoti na hoho, punguza moto, funika kwa kuacha upenyo mdogo, na uwe unakoroga mara moja moja.

Muda ulioandikwa kwenye pakiti usiuamini sana. Uliandikwa kwa jiko la usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwa nyuzi 100. Kila upandapo mita 300 hivi, kiwango hicho hushuka kwa takriban nyuzi moja. Mji wa Meru uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, kwa hiyo maji yake huchemka kwa nyuzi 95 hivi, na Embu iko karibu na hapo. Huko Timau, juu ya mita 2,000, huchemka kwa joto la chini zaidi ya hapo. Ndiyo sababu maharagwe ya Timau huchelewa kuiva kuliko ya Ishiara, na pakiti inayosema dakika 9 itataka 11 au 12 Meru mjini na zaidi ya hapo Timau. Kuongeza moto hakusaidii kitu, maji yatakauka tu. Wanga wa spageti huiva vizuri hata chini ya nyuzi 95, kwa hiyo mchemko mdogo wenye kifuniko unatosha na unaokoa gesi. Mchuzi ukikauka kabla ya tambi kuiva, ongeza maji ya chupa nusu kikombe kwa nusu kikombe. Zima moto tambi zikiwa bado na ukakamavu kidogo katikati na mchuzi ukionekana kuzidi kidogo. Katika dakika tano za kusubiri sahani, tambi zitaunywa na kufikia pale pale unapopataka. Nyunyiza dania sasa, si kabla.

Soma pia pakiti imetengenezwa kwa ngano gani. Spageti nzuri hutokana na ngano ngumu iitwayo durum, ambayo hustahimili kuchemka bila kulegea. Mashamba ya Timau, yale mapana unayoyaona ukipanda kuelekea Nanyuki, hulimwa ngano ya mkate na chapati. Spageti ya bei nafuu iliyochanganywa ngano laini hutoa wanga mwingi na hugeuka uji haraka. Inafaa kwa sufuria moja, tena mchuzi wake huwa mzito zaidi, ila anza kuionja mapema, dakika ya saba, na usiikoroge kwa nguvu.

Na kuku wa kienyeji je? Nyama yake ina ladha ambayo broila wa wiki sita hawezi kuifikia, na sitamshauri mtu yeyote aache kumfuga. Lakini jogoo aliyetembea shamba zima hataiva kwa nusu saa siku ya Jumatano. Anataka saa moja na nusu au zaidi, isipokuwa kama una presha kuka, chombo ambacho katika nchi ya milima kina faida maradufu kwa kuwa hupandisha joto la maji juu ya nyuzi 100. Mwenye friji anaweza kumchemsha Jumapili, kisha supu na vipande vilivyobaki vikapikiwa spageti siku ya Jumanne, na hapo hata kukaanga hakuna. Asiye na friji anunue nusu ya broila siku ile ile anayopika. Kuku aliyelala kwenye kabati si wa kujaribia bahati.

Watu wengine husema spageti ni chakula cha watoto au cha wageni wa televisheni. Wangefika Isiolo, saa moja tu kutoka Meru mjini, wakaalikwa chakula na Wasomali wa huko, wangenyamaza. Italia ilitawala kusini mwa Somalia tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi mwaka wa 1941, ikarudi kama mdhamini kati ya 1950 na 1960, na tambi zikabaki kuwa chakula cha kila siku cha Wasomali, wanachokiita baasto. Wasomali na Wameru wana undugu wa kibiashara uliojengwa juu ya miraa ya Igembe. Magari hutoka Maua kila siku yakikimbizana na saa za ndege, na Somalia ilipozuia miraa kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022, mji mzima wa Maua uliumia. Katika biashara ya namna hiyo watu huketi meza moja, na mezani kwa Msomali tambi huja na mchuzi wa nyama uliotiwa bizari, iliki na pilipili manga, pamoja na ndizi mbivu kando. Ndizi! Meru ni nchi ya ndizi, Mitunguu na Kanyakine hupakia malori ya ndizi, lakini ni wachache kwetu waliowahi kuila pamoja na spageti. Jaribu. Tia nusu kijiko cha bizari nyembamba na punje mbili za iliki wakati wa kukaanga vitunguu, kisha umenye ndizi mbivu kwenye sahani. Utamu wake unapoza uchachu wa nyanya na kumfanya mtoto anayesumbua kula amalize.

Kuna jambo jingine nisiloweza kulipita. Katika nyumba nyingi za Embu na Meru mama na baba wote wanatoka kazini saa ile ile, lakini mmoja huingia jikoni na mwingine huketi kusubiri taarifa ya habari. Chakula hiki kinaondoa kila sababu ya kusubiri. Hakina unga wa kusonga wala chapati za kusukuma, na anayejua kukata kitunguu na kusoma saa atakiweza. Wavulana wa kidato cha kwanza wanaweza kufundishwa kwa jioni moja. Anayefika nyumbani kwanza, awe baba, mama au kifungua mimba, ndiye ateleke. Na vyombo vya kuosha ni sufuria moja, mwiko na sahani, kwa hiyo hata zamu ya vyombo haizui ugomvi.

Kikibaki, kipoze haraka na ukiweke kwenye friji. Asubuhi kipashe moto na vijiko viwili vya maji mpaka chote kitoe mvuke, ndipo kiingie kwenye kopo la shule. Bila friji, pika nusu pakiti, kisha ongeza mboga kama terere au spinachi dakika tatu za mwisho ili kishibishe.

Pakiti ikikosekana dukani, sufuria haibadiliki. Mchele wa Mwea unakubali njia hii bila shida. Skimu ya umwagiliaji ya Mwea ilichimbwa miaka ya 1950 kwa jasho la wafungwa wa Mau Mau, wakati huo eneo hilo likiwa ndani ya Wilaya ya Embu. Kuku akishapikika dakika 15, pima mchuzi uwe vikombe viwili kwa kila kikombe cha mchele, funika na usikoroge kabisa. Ndizi mbichi za Imenti zimenywe kwa mikono iliyopakwa mafuta ili utomvu usigande, zikatwe vipande vinene, na ziingie pamoja na maji ya lita moja, zichemke dakika 20 hadi 25. Viazi vya Kibirichia navyo huingia wakati huo huo, ila vikatwe vikubwa, kwa sababu vinasambaratika upesi. Ndengu za Mbeere ndizo pekee zinazotakiwa kutangulia. Zilowekwe tangu asubuhi, zichemshwe mpaka zikaribie kuiva, ndipo kuku aliyekaangwa aongezwe juu yake.